Daftari la Madeni na Swali la Tarehe

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, na pengine ndiyo maana lilitutoa jasho. Daktari bingwa wa baridi yabisi na viungo, mama wa makamo aliyekuwa akiandika kwa kalamu ya wino wa kijani, alitugeukia mimi na mama tuliokuwa tumebanana kwenye benchi kando ya kitanda cha mdogo wangu, akauliza: "Haya mambo ya kusikia sauti na kushuku watu, mama, yalianza kabla hajaanza kumeza prednisoloni au baada?" Mama akanitazama mimi, nami nikatazama sakafu. Prednisoloni ni vidonge vya kutuliza uvimbe na kushusha kinga ya mwili, na mdogo wangu alikuwa amepewa kwa ajili ya ugonjwa uitwao lupasi. Wiki mbili nyuma, katika hospitali nyingine, niliulizwa swali hilohilo na nikajibu bila kusita kwamba yalianza baada ya vidonge. Jibu langu liliandikwa kwenye faili, vidonge vikakatwa kwa sababu yake, na siku ya 9 tangu vikatwe mdogo wangu akaanguka kifafa dukani kwetu Tandika, mbele ya watoto waliotumwa sukari.

Ugonjwa wenyewe ulianzia kwenye vidole. Ilikuwa masika, na kila asubuhi mdogo wangu alikuwa akishindwa kufunga fundo la kanga kiunoni mpaka saa tatu au saa nne, vidole vikiwa vimevimba na kukakamaa kama vya bibi kizee, naye alikuwa na miaka 24 tu. Jioni alipata homa. Katika jiji hili mtu mwenye homa ya kila jioni ana majina matatu ya kuchagua, yaani malaria, taifodi na UTI, na yeye aliyapata yote matatu katika zahanati mbili kwa muda wa wiki 5. Nywele zilianza kubaki kwenye kitana. Ndani ya mdomo, juu kwenye kaakaa, alitokwa na vidonda ambavyo havikuuma, kwa hiyo hakuna aliyevijua isipokuwa yeye.

Usoni alitokwa na kitu kilichotuingiza kwenye ugomvi wa kifamilia. Vitabu vingi vinaeleza kwamba lupasi huleta wekundu unaopita juu ya pua na kutanda mashavuni kama mabawa ya kipepeo, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani wekundu. Huonekana weusi mzito, wakati mwingine wa zambarau, kama ngozi iliyoungua. Shangazi alipokuja kutoka Mbagala alimtazama mara moja tu akatoa hukumu: "Mkorogo huo. Umeanza kujichubua, umekuunguza." Mdogo wangu alilia siku nzima kwa kusingiziwa. Miezi kadhaa baadaye yule daktari wa kalamu ya kijani alinionyesha kwa ncha ya kidole jambo ambalo mtu yeyote angeweza kuliona kama angetazama vizuri: ule mkunjo unaoteremka kutoka kwenye pembe ya pua hadi pembe ya mdomo ulikuwa umebaki safi pande zote mbili. Mkorogo hauruki mikunjo.

Kuhusu jina la ugonjwa, kwenye makaratasi wanaandika "lupus", neno la Kilatini lenye maana ya mbwa mwitu. Mama anasema lupasi, nami nitaandika kama anavyosema mama. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe, na kwa kuwa kinga inafika kila mahali, hakuna kiungo ambacho hakiwezi kuguswa: viungo vya mifupa, ngozi, figo, utando wa moyo na mapafu, damu yenyewe, na pia ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Katika kila wagonjwa 10 karibu 9 ni wanawake, wengi wao wakiwa kwenye umri wa kuzaa, na watu wenye asili ya Afrika hupata ugonjwa mkali zaidi. Mwishoni mwa Mei, baada ya kifua kuanza kumuuma kila akivuta pumzi, alipimwa kipimo cha kingamwili kinachoitwa ANA, kikaonyesha wazi kuwapo. Kipimo hicho karibu kila mwenye lupasi huwa nacho, lakini hata watu wengi wasiougua huwa nacho, kwa hiyo uzito wake ulitokana na mambo mengine yote aliyokuwa nayo. Tarehe 3 Juni alianza miligramu 30 za prednisoloni kwa siku pamoja na haidroksiklorokwini, na ndani ya wiki moja vidole vikafunguka. Tukashukuru Mungu, tukadhani safari imeisha.

Mwishoni mwa Juni alimwaga chakula. Mama alikuwa amempikia wali na mchicha wa nazi, akaunusa, akauinua na kuumwaga kwenye karo la uani, akasema kwa sauti ya utulivu kabisa kwamba hataki kula alichokuwa amewekewa. Usiku alisimama dirishani akisema wateja wamejaa nje na wanamsema. Nikampeleka hospitali, na hapo ndipo nilipoulizwa lile swali kwa mara ya kwanza. Sitaki kumwonea daktari kijana aliyekuwa zamu siku ile. Alichokifanya kilitokana na elimu ya kweli: prednisoloni inaweza kumvuruga mtu akili, na utafiti wa Boston wa mwaka 1972 ulionyesha kwamba waliotumia miligramu 40 au pungufu kwa siku walivurugika kwa kiwango cha asilimia 1.3 tu, ilhali waliovuka miligramu 80 walifikia asilimia 18.4. Mdogo wangu alikuwa kwenye 30. Lawama yangu kwake ni ndogo, kwamba hakusimama kwenye namba hiyo. Lawama kubwa ni yangu, kwa sababu nilimpa tarehe ya siku tuliyoshtuka sisi, nikaiita tarehe ya siku ugonjwa ulipoanza.

Alipoanguka dukani, jirani wa genge alimlaza ubavu na kumwondolea vitu vilivyokuwa karibu, na hakuruhusu mtu kumtia kijiko mdomoni, jambo ambalo mpaka leo namshukuru. Mama, kwa upande wake, alikuwa tayari ana maelezo. Binti anayesikia sauti, anayekataa chakula cha nyumbani na sasa anaanguka, kwa mama yangu na kwa nusu ya mtaa wetu huyo ana jini. Aliitwa shehe, akaja, akasoma, akaandika kombe. Watu wa mjini hupenda kusimulia sehemu hii kwa kejeli, lakini shehe yule alipomaliza kusoma alishika paji la uso la mdogo wangu, akaona homa, akamwambia mama: "Huyu mpelekeni hospitali leo hii. Mimi nitaendelea kumsomea akiwa hukohuko." Tukakodi bajaji, tukaenda.

Katika hospitali ya rufaa nilijifunza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia, nalo ni kwamba hakuna kipimo cha lupasi ya ubongo. Hakipo Dar es Salaam na hakipo London. Kazi inayofanyika ni ya kuondoa, moja baada ya jingine, kila kitu kingine kinachoweza kumfanya binti wa miaka 24 aweweseke na kuanguka, na kilichobaki mwishoni ndicho kinachoulizwa kama kina sura ya lupasi. Kwa hiyo siku mbili za kwanza zilikuwa za kupima mambo ambayo mama aliyaona kama dharau: malaria tena, Virusi vya UKIMWI, kaswende, sukari, chumvi za mwilini, kazi ya ini na figo, shinikizo la damu. Daktari alieleza kwamba figo zikishambuliwa na lupasi zikashindwa kusafisha, uchafu wa damu peke yake unaweza kumfanya mtu aweweseke, na presha ikipanda ghafla inaweza kuuvimbisha ubongo upande wa kisogoni na kuleta kifafa, na kila kimojawapo kina matibabu yake. Mkojo ulikuwa na protini kidogo, lakini kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ilikuwa ya kawaida na presha haikuwa ya kutisha.

Ugumu ulikuja kwenye maji ya uti wa mgongo. Mama alikataa. Kwetu kila mtu anamjua mtu aliyechomwa sindano ya mgongo akapooza au akafa, na ni kweli wengi waliochomwa hufa, kwa sababu wengi hufikishwa hospitali wakiwa na homa ya uti wa mgongo iliyokwisha kukomaa, na sindano ndiyo hubeba lawama. Sista mmoja wa wodini, mtu mzima, alimshika mama mkono, akamwonyesha kwenye mgongo wake mwenyewe mahali sindano inapoingia, usawa wa mifupa ya nyonga, akamweleza kwamba uti wenyewe unaishia juu ya hapo na panapochomwa pamebaki nyuzi zinazoelea kwenye maji. Mama akaweka dole gumba. Maji yalipotoka yalikuwa meupe, safi kama ya kisima cha mawe. Daktari aliniambia kwamba hatafuti lupasi humo. Anatafuta kifua kikuu, fangasi wa kriptokoka, bakteria na virusi vya malengelenge vinavyoingia kwenye ubongo, kwa sababu dawa ya lupasi ya ubongo hushusha kinga, na ukiimwaga juu ya kifua kikuu cha ubongo unakuwa umekimwagilia maji na mbolea. Majibu yalionyesha protini iliyozidi kidogo na chembe nyeupe chache. Vijidudu havikuonekana.

Kisha ikaja MRI, picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Tuliuza friza la duka ili kuilipia, lile tulilokuwa tukiwekea soda na barafu za watoto, kwa hiyo mama aliisubiri picha ile kama anayesubiri mahari. Jibu lilipotoka lilisema ubongo ni wa kawaida. Mama alikaa chini sakafuni, akajifunika mtandio. "Basi ni yaleyale niliyosema," akaniambia, "mashine ya mamilioni haikuona kitu." Na mimi, niliyekuwa najiona msomi, sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa nilikuwa nimefikiri vilevile ila kwa maneno mengine: nilidhani kama haipo kwenye picha, basi haipo.

Daktari hakushangaa hata kidogo. Alisema sehemu kubwa ya wagonjwa wa lupasi wenye saikosisi (yaani kusikia au kuamini mambo yasiyokuwepo), kuweweseka au kusahau huwa na MRI safi au yenye madoa madogo yasiyosema lolote. Picha husaidia zaidi pale mshipa ulipoziba na kuleta kiharusi, au uti wa mgongo ulipovimba. Mama akatoka kwenye mtandio, akafikiri, halafu akasema jambo ambalo nimelitumia kuwaeleza watu tangu siku hiyo: "Kwa hiyo ni kama nyumba ambayo waya zote zipo ukutani na hazijakatika, lakini taa haziwaki vizuri." Daktari akacheka, akasema ndiyo, mama, na mimi kazi yangu ni kujua kama ni Tanesco, ni fundi, au ni balbu.

Jioni hiyo alinieleza jinsi wataalamu walivyojaribu kuweka utaratibu. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kiliorodhesha hali 19 ambazo lupasi inaweza kuzileta kwenye mfumo wa fahamu, 12 za ubongo na uti wa mgongo na 7 za mishipa inayotoka humo kwenda mwilini. Zimo za kutisha, kama kifafa, kiharusi, saikosisi, na mwili kujichezesha wenyewe bila mtu kutaka. Na zimo za kawaida mno, kama kuumwa kichwa, wasiwasi, huzuni na kusahausahau. Hizo za kawaida ndizo zinazosumbua, maana nani Dar es Salaam haumwi kichwa? Mgonjwa wa lupasi naye ana haki ya kuumwa kichwa cha kawaida, na kwa kweli matukio ya fahamu yanayoweza kubebeshwa lupasi yenyewe ni kama theluthi moja au pungufu. Mengine hutokana na dawa, maambukizi, figo, presha, au maisha tu. Katika vigezo vya mwaka 2019 ambavyo Wamarekani na Wazungu wa Ulaya walivitunga pamoja, mwenye ANA ya kiwango cha 1:80 au zaidi huanza kuhesabiwa alama: kifafa 5, saikosisi 3, kuweweseka 2, na kadhalika kwa viungo vingine, mpaka zifike 10. Lakini juu ya alama zote imewekwa sharti moja, kwamba usihesabu dalili yoyote ikiwa ipo sababu nyingine inayoielezea vizuri zaidi. Kwa mdogo wangu sababu nyingine iliyobaki mezani ilikuwa moja tu, prednisoloni, na ndipo daktari aliporudi kwenye swali lake. Kabla au baada?

Nilirudi nyumbani usiku kwa daladala ya Kariakoo–Tandika nikiwa nimesimama mlangoni, na njiani nikakumbuka daftari la madeni. Duka letu ni la rejareja, la unga, mafuta ya kupima na sabuni za mche, na kama maduka yote ya uswahilini linaendeshwa kwa mkopo. Mwandishi wa mkopo alikuwa mdogo wangu. Mwandiko wake ulikuwa fahari yake tangu shule ya msingi. Alikuwa akipiga mstari kwa rula kila asubuhi, akiandika tarehe kushoto, namba akizipanga mamoja chini ya mamoja na makumi chini ya makumi, na saba zake alizikata katikati kwa kistari.

Nililifungua juu ya mzani. Kurasa za Machi na Aprili zilikuwa kama zilivyotakiwa kuwa. Tarehe 14 Mei mstari wa rula haukuwepo. Tarehe 16 namba zilianza kuteremka, kila moja chini kidogo ya iliyotangulia, kana kwamba ukurasa umeinamishwa. Unga kilo 2 shilingi 3,600 na sukari nusu kilo 1,500 zilijumlishwa kuwa 3,751, na saba yake haikukatwa katikati. Deni la mama muuza vitumbua liliandikwa mara tatu kwenye ukurasa mmoja, kwa maneno yaleyale. Na tarehe 19 Mei, pembeni kabisa, kwa herufi ndogo sana ambazo ilinibidi nizisogeze kwenye taa, alikuwa ameandika: "wananihesabia pumzi".

Kidonge cha kwanza cha prednisoloni alikimeza tarehe 3 Juni.

Asubuhi nilimpelekea daktari daftari likiwa limefungwa kwenye mfuko wa rambo. Alilifungua polepole, akageuza kurasa kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama MRI, akarudi nyuma Aprili, akaja tena Mei, akaweka ncha ya kalamu juu ya ule mstari wa pembeni bila kuandika kitu. Halafu akanakili tarehe tatu kwenye faili: 14, 16, 19. Sitadai kwamba daftari la duka lilitibu mtu. Kulikuwa na majibu mengine yaliyofika siku hiyohiyo, yakielekea upande uleule: protini za kinga ziitwazo C3 na C4 zilikuwa chini, dalili kwamba zinatumika vitani, na kingamwili dhidi ya DNA zilikuwa juu. Lakini hayo yalisema tu kwamba lupasi imewaka mwilini. Kilichosema kwamba ilikuwa imeshafika kichwani kabla ya dawa yoyote ni saba zisizokatwa.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Alipewa dawa ya minyoo kwanza, maana iko minyoo ya nchi za joto inayojificha mwilini miaka mingi na kufumka pale kinga inaposhushwa, kisha methiliprednisoloni, ndugu wa prednisoloni, gramu 1 kwa dripu kila siku kwa siku tatu, na baadaye saiklofosfamidi, dawa kali ya kushusha kinga, mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo dawa iliyokuwa imekatwa kwa kushukiwa kumtia wazimu ilirudishwa kwa wingi mara nyingi zaidi, na mama, ambaye alilielewa hilo vizuri kuliko nilivyotarajia, alishinda usiku wa kwanza ameketi akitazama matone ya dripu. Kabla ya saiklofosfamidi daktari alitutoa nje sote akabaki na mgonjwa peke yake, kwa sababu dawa hiyo inaweza kudhuru mayai ya uzazi na hilo, alisema, si la kuamuliwa na dada wala mama. Siku ya tano mdogo wangu aliuliza ni nani anauza duka. Siku ya nane aliomba kitana.

Palikuwa na kipimo kimoja kilichobaki kikining'inia. Lupasi inaweza kuufikia ubongo kwa njia mbili, kwa uvimbe unaotokana na kinga au kwa damu kuganda ndani ya mishipa, na ya pili huletwa na kingamwili fulani zinazoifanya damu igande hovyo. Matibabu yake ni dawa za kulainisha damu, pengine maisha yote. Mdogo wangu alikutwa na mojawapo ya kingamwili hizo kwa kiwango cha chini. Hazihesabiki mpaka zirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, kwa kuwa maambukizi ya kawaida huweza kuzileta kwa muda kisha zikapotea. Tulihesabu wiki hizo kwenye kalenda ya duka. Ziliporudiwa hazikuwepo.

Sasa amerudi kwenye kiti chake nyuma ya mzani, akiwa na kofia pana hata kwa mwendo wa kwenda dukani, maana jua huiamsha lupasi. Si kwamba yote yamerudi. Akiambiwa vitu vinne kwa mpigo hukumbuka viwili, hujumlisha kwa kikokotoo alichokuwa akikidharau, na mchana huchoka uchovu ambao hata usingizi hauutoi. Wiki iliyopita alichukua lile daftari la zamani, akaenda nalo mlango kwa mlango kusawazisha kurasa za Mei, akiwauliza wadeni wenyewe walichukua nini na wanadaiwa nini. Wengi walisema kweli, mmoja nina hakika alipunja. Mama muuza vitumbua alikagua lile deni lake lililoandikwa mara tatu, akasema anadaiwa mara moja tu, lakini kwa yale mengine mawili ataleta vitumbua. Mdogo wangu akaandika, akakata saba katikati. Ule ukurasa wenye maneno ya pembeni ameuacha kama ulivyo. Aliniuliza mara moja tu kama ni yeye aliyeandika, nikamwambia ndiyo, akageuza ukurasa.